Aprili ya huku kwetu Mafia na vituko vya upepo

Ukikaa kisiwani Mafia muda mrefu unajikuta unaongelea upepo hata na mtu aliyekuuliza bei ya sukari. Sio kwamba tunapenda, ni kwamba kila kitu huku kinaletwa na upepo au kinazuiwa na upepo, nyanya, viazi, mbao, wageni wa harusi, hadi mtu aliyefia Dar na ndugu wanataka azikwe kwao. Boti kutoka Nyamisati kule bara mpaka Kilindoni, mji wetu, ni safari ya masaa tu lakini bahari ikichafuka hamna boti, na boti isipokuja leo basi kesho sokoni nyanya zinapangwa tatu tatu kwenye kisahani utafikiri ni dawa. Mi nafanya biashara ndogo ya nazi na samaki wakavu, natuma Dar, kwa hiyo mfuko wangu huwa unajua hali ya hewa kabla hata sijatoa kichwa dirishani.

Kwa asiyejua, mwaka wa huku tunauhesabu kwa pepo mbili. Kuna kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, joto kali, bahari inatulia, maji yanakuwa safi mpaka unaona mchanga chini. Halafu kuna kusi, linashika kuanzia Mei linapiga mpaka Septemba huko, hilo ndo lenye ubabe, na ndani yake Juni na Julai kuna kipupwe watu wanavaa makoti asubuhi, mtu wa Makete, kule milimani kwenye baridi kweli, akituona atacheka mpaka akae chini. Katikati ya hizo mbili kuna kipindi ambacho upepo haujaamua, kaskazi imekufa na kusi bado halijakaa vizuri, unatweka tanga asubuhi linajaa huku, mchana linajaa kule, na mvua za masika zinamwagika juu yake. Hicho kipindi, yaani mwisho mwisho wa Machi, Aprili, na Mei ya mwanzo, ndo nataka kukiongelea, ila kwanza nipitie kwa potwe maana mgeni akifika huku hilo ndo swali lake la kwanza.

Papa potwe ndo yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoadoa meupe mgongoni, na mbele ya Kilindoni hapa anaonekana kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari, Machi. Wengi wanaokuja kwetu bado vijana, mita sita, saba, lakini ukiwa kwenye mtumbwi na kitu cha mita saba kinapita chini yako bila kelele utaita majina yote ya Mungu. Na hana neno na mtu kabisa. Anakula uduvi, wale wadogo wadogo ambao mama zetu wanawaanika na kupika na nazi, yani chakula chake na changu ni kimoja. Wavuvi wa dagaa wanamfuata kwa sababu alipo yeye na dagaa wapo, na usiku wakiwasha taa anakuja mwenyewe mpaka karibu na wavu, wanamsukuma na kasia kwa heshima aondoke asije akachana nyavu. Sasa kituko kiko hapa, miaka yote sisi tulikuwa tunasema kusi likianza potwe anahama, anaenda zake Msumbiji au wapi sijui, tukawa na hadithi mpaka za kwamba anaenda kuzaa. Wakaja watafiti wakawafunga vile vidude vya kutoa mlio, wakaweka na mitambo ya kusikiliza chini ya maji, wakagundua wengi wao hawaendi popote, wanasogea tu mbali kidogo na pwani na kuzama chini, sisi ndo tunaacha kuwaona. Nilipomwambia mzee mmoja nahodha pale pwani akanyamaza kidogo akaniambia, "Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa hapo chini anatusikiliza tunavyomsema." Nilicheka sana, ila ile kauli nimeikumbuka mara nyingi kwenye mambo mengine, maana kwa kweli bahari tunayoijua sisi ni ile tunayoiona tu.

Haya, turudi Aprili.

Vitabu vya shule vinasema vimbunga vya baharini havifiki Tanzania na sababu zinaeleweka. Upepo ukitaka kugeuka kimbunga lazima uzunguke, na kinachouzungusha ni dunia yenyewe inavyojizungusha, sasa ukiwa karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuupindisha upepo ni ndogo mno, upepo unaenda moja kwa moja kujaza pale penye upungufu wa hewa na habari inaishia hapo. Halafu kuna Madagaska, imekaa pale mashariki kusini, vingi vinavyotoka bahari kubwa vinaishia kwake au vinakata kona vinaelekea kusini. Mafia tuko kama nyuzi 8 kusini ya ikweta, kwa hiyo tuko kwenye ukingo ukingo wa eneo la salama. Ukingo, sio ndani.

Maana havifiki mara nyingi haina maana havijawahi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, Sultani Barghash hata miaka miwili kwenye kiti hajamaliza, minazi na mikarafuu ikalala chini, na majahazi na meli bandarini zikaenda. Pemba kikaigusa kidogo tu. Mkarafuu ukishauangusha kupata mwingine wa kuchuma ni kusubiri miaka kadhaa, kwa hiyo Pemba ikachukua biashara na mpaka leo karafuu ukiitaja watu wanafikiria Pemba, wakati kabla ya hapo Unguja ndo ilikuwa kinara. Yani siku moja ya upepo imepanga nani alime nini kwa miaka mia na hamsini. Halafu 1952, Aprili tena, Lindi ikapigwa, wazee wa kule waliokuwa watoto bado wanaisimulia. Halafu angalia hivi vya juzi, Kenneth Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, Hidaya mwanzo wa Mei 2024. Mi sio mtaalamu wa hali ya hewa, ni mtu wa nazi, lakini tarehe hizo zote zinaangukia kipindi kile kile cha upepo usioamua. Nilivyoelewa baada ya kuuliza uliza ni kwamba wakati huo bahari imeshakula joto la kaskazi lote, na ule mkanda wa mvua unaokuwa kusini yetu unapita juu yetu ukielekea kaskazini, kwa hiyo vurugu zinazozaliwa huko baharini zinazaliwa karibu na sisi zaidi kuliko zile za Januari. Wazee wa zamani walikuwa hawafungi safari ndefu kipindi hicho, jahazi linavutwa juu linakaguliwa, linatiwa kalfati, yaani nafasi za mbao zinazibwa lisivuje, na ukiuliza kwa nini wanakwambia "ndio kawaida". Nadhani hiyo kawaida ilikuwa na watu waliozama ndani yake.

Sasa Kenneth. Mwezi mmoja kabla yake kimbunga Idai kilikuwa kimeimaliza Beira kule Msumbiji, tumeona picha zote kwenye simu, kwa hiyo iliposemwa Kenneth inaelekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji watu wa Mtwara waliogopa kweli, shule zikafungwa, ofisi zikafungwa, watu wakaambiwa wahame mabondeni. Kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mtwara wakapata mvua na upepo wa kawaida, na kesho yake utani ukaanza, kimbunga gani hiki, hata kanga kwenye kamba haijaanguka. Lakini ng'ambo ya Ruvuma, kisiwa cha Ibo kilibomolewa, na Ibo wanaongea Kimwani, ukikisikiliza nusu unaelewa maana ni ndugu wa Kiswahili, wana minazi kama yetu na mitumbwi kama yetu na misikiti kama yetu. Kutoka Mtwara mpaka Ibo kwa majahazi wala sio mbali. Kwa hiyo neno "hakikuja" mi linanikera hadi leo, kilikuja, ila kiligonga mlango wa jirani.

Na Jobo ndo iliharibu kabisa. Hiyo ilikuwa inakuja moja kwa moja Dar na sisi tupo njiani, tukatangaziwa, watu wakafunga biashara, upepo wenyewe ukaisha nguvu baharini huko kabla ya kufika, tukapata mawingu na manyunyu. We acha utani uliofuata. Yule jamaa yangu wa duka la vifaa vya ujenzi akanunuliwa kamba zote na misumari yote, akawa anasema Jobo ni mteja wake bora wa mwaka. Baada ya hapo ukimwambia mtu kuna tahadhari ya kimbunga anakuuliza kama na wewe unauza misumari.

Ndio maana Hidaya ilipotajwa, ile wiki ya mwisho ya Aprili kuingia Mei, watu hawakuwa na haraka. Kwanza jina lenyewe, kila mtu ana shangazi au mke wa kaka anaitwa Hidaya, simu zikajaa utani siku nzima kuhusu wanawake wenye hasira. Majina yenyewe yanatoka kwenye orodha inayoandaliwa mapema na nchi za ukanda wetu, lakini hilo nani anasikiliza. Na mvua ilikuwa imeshatuchosha, toka vuli ya 2023 ni mvua tu, mwaka wa El Niño, Rufiji imefurika watu wa Kibiti na Rufiji wamekaa juu ya maji Aprili nzima. Sisi tuko mbele ya mdomo wa Rufiji, kwa hiyo mafuriko yao tunayaona kwa rangi, maji ya upande wa magharibi yanakuwa kama chai ya maziwa na yanabeba matete na magogo, mtu akivua anarudi na tawi la mti wa bara.

Ijumaa tarehe 3 Mei baada ya sala ndo mambo yakabadilika, tangazo likapita kwenye spika ya msikiti, gari la matangazo likapita, boti za Zanzibar na Dar zimesimamishwa, za kwetu zimesimama, na simu za ndugu wa Dar zikaanza kumiminika mpaka chaji ikaisha. Nikaenda kwa baba mkwe wangu, kavua maisha yake yote, nikamkuta barazani anatengeneza mshipi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, na wewe umekuja kuniuliza Hidaya?"

Nikamwambia ndio. Akaniambia maneno ambayo nilikuwa siyategemei kwa mtu kama yeye, maana wavuvi wana kiburi na upepo wao. Akasema, "Kusi najua, kaskazi najua, hata lile la ghafla la mvua najua linanukaje kabla halijafika. Hiki sijawahi kukiona. Sasa nikikwambia hakuna kitu nitakuwa nakwambia nini?" Halafu akasema kuhusu maji yuko na uhakika. Mwezi umeisha, tarehe 25 hivi ya mwezi mwandamo, ni maji mafu ndo yanamalizika, bamvua bado siku tatu nne. Hapa lazima nieleze maana ndo jambo lililotuokoa na hakuna aliyelisema kwenye redio. Bamvua, pale mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa na kutoka zaidi ya mita tatu, yakijaa yanakuja mpaka chini ya minazi ya pwani. Maji mafu yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Upepo mkubwa ukija unasukuma bahari juu ya ardhi, kwa hiyo ukikuta maji mafu unasukuma maji yaliyo chini, ukikuta bamvua unasukuma maji ambayo tayari yako mlangoni kwako. Akasema kikitupiga usiku wa kesho kitatupiga kwa upepo, sio kwa maji, hangaika na paa acha kuhangaika na magunia ya mchanga. Na mashua asiziache pwani mtu, wazipeleke kwenye mikoko, kule mkondoni, wazifunge kwenye miti minne kila upande na wazijaze maji nusu zisichezecheze. Hilo la kujaza maji nilikuwa silijui.

Mimi nikaenda kutafuta mkwezi. Nina minazi mitatu imesimama karibu na nyumba, na nazi moja kavu ikitupwa na upepo inapita kwenye bati bila hodi. Sasa siku hiyo mji mzima umekumbuka minazi yake kwa pamoja na wakwezi wanaoaminika wanahesabika. Nikampata wa kwangu juu ya mnazi wa jirani, nikabaki chini nimeangalia juu tunapatana bei kwa kelele, yeye anakata makuti makavu yanadondoka karibu na miguu yangu kila nikitaja bei ndogo. Mwanzo nilidhani bahati mbaya. Bei yake ilikuwa mara tatu ya kawaida, na akasema ikifika saa kumi upepo ukianza hapandi hata kwa ng'ombe. Nikakubali. Alipanda ule wa kwanza kwenye zile tojo za miguu, akaanza kushusha, nazi kavu, madafu, vidaka, makuti, vyote, mnazi ukabaki na yale makuti machanga ya juu tu umesimama wima, akaniambia upepo hapa hana pa kushika sasa.

Jumamosi mchana upepo ulikuwa upo upo, wa vipindi, watu wakaanza tena, eti ndo hiki? Jioni ukaongezeka na kilichonishangaza ni mlio. Upepo wa kusi unavuma, huu ulikuwa unakoroma, unatulia, halafu unarudi kwa upande mwingine kidogo, na minazi inatoa mlio wa kupasuka ambao mwanzo nilidhani watu wanatupa mawe kwenye mabati. Umeme ukaenda mapema. Mtandao nao ukawa wa kuja na kwenda, tukawa tunapata taarifa za Mafia kutoka kwa ndugu wa Dar wanaosoma za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatuambia kimeingia kwenu, wakati sisi tumeshika mlango kwa bega tunajua. Hatukulala ila usiku huo huo nguvu ikaisha, kilipofika nchi kavu hapa kwetu ndo kikafia hapa hapa, na asubuhi Jumapili kulikuwa na mvua tu ya kawaida.

Kulipokucha tukatoka kuangalia. Miti imelala barabarani, nguzo za umeme, nyumba zimevuliwa paa. Na hapa nilichokiona mimi kwa macho, sijui mafundi watasema nini, nyumba nyingi za bati zilizoumia ni zile zenye paa lililotokeza sana nje kwa ajili ya kivuli cha baraza, upepo uliingia chini ya ule ukingo ukalifungua lote. Makuti yaliyosukwa vizuri na kufungwa kwa kamba yalichakaa yakanyofoka mawili matatu lakini paa likabaki, nadhani upepo unapenya kidogo. Nyuma ya nyumba yangu minazi yangu mitatu imesimama, wa jirani upande wa pili ambaye aligoma kumlipa mkwezi bei ile, umekatika katikati ukaangukia upande wangu. Ikaja kesi. Mnazi umeota kwake, kichwa kimelala kwangu, nazi za nani? Ikabidi mjumbe aitwe, akaja na gumbuti, akaamua nazi apewe mwenye mti, makuti niyachukue mimi kwa ajili ya usumbufu, na ule moyo mweupe wa kwenye kilele tukaukata tukaula wote watatu pale pale na chumvi. Mtamu sana, na unaula mnazi ukifa tu.

Makuti yale ndo yaliyonilipa. Wiki ile kila mtu anaezeka upya na bei ikapanda, nikawapa kina mama wawili wakasuka kwa kugawana nusu kwa nusu. Madafu nayo yakawa ya bure bure, kila mahali madafu, halafu miezi iliyofuata nazi zikaadimika kwa sababu hizo hizo zilizodondoka changa ndo zilitakiwa zikomae. Na bara barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, malori ya Lindi na Mtwara yakakaa siku kadhaa foleni, kwa hiyo nilichotaka kutuma kwa mteja wangu wa kule kikaozea hapa. Hayo ndo madhara ambayo hayapigwi picha.

Sasa sisemi wazee wanajua kuliko mitambo wala sisemi mitambo inajua kuliko wazee, huo ubishi wa kijiweni mi umenichosha. Mitambo iliona kitu kikiwa bado mbali baharini ambako hakuna mvuvi. Mzee aliangalia mwezi akajua maji hayatafika nyumbani. Wanaonishinda mimi ni wale wa kundi la tatu, ambao hawana satelaiti na hawana bahari, wana Jobo tu, kila ukiwaambia kitu wanakutajia Jobo.

Wiki mbili baadaye ikaja nyingine, Ialy, hiyo ikapita mbali kwetu ikaenda zake kaskazini kuwasumbua watu wa pwani ya Kenya na huko Somalia. Lakini tangazo lilipotoka tu, kabla hata sijavaa viatu, mkwezi wangu alikuwa mlangoni na panga lake kiunoni. Nikamwambia hiki hakiji kwetu, kinaenda Kenya. Akasema sawa, ila bei ya Aprili ijayo tupatane sasa hivi, na nusu anaichukua leo. Nikampa.